Kabla ya Kununua Tabo Nyingine

Juma hili nataka tuzungumzie magari yetu ya zamani ya dizeli, zile Land Cruiser, Pajero na Hilux za miaka ya 1980 na 1990 ambazo hadi leo zinabeba viazi, wagonjwa na maharusi huku Mbeya na Iringa. Nasema hasa juu ya zile zenye tabo.

Tabo ni feni mbili kwenye shafti moja. Feni moja husukumwa na moshi unaotoka kwenye injini, na ya pili huvuta hewa na kuishindilia ndani ya injini. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Sisi wa nyanda za juu tunalihitaji kuliko watu wa pwani. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Bila tabo, injini huhema mlimani kama mzee mwenye pumu.

Sasa tabo imekufa, na mpya ya kampuni yenyewe haishikiki kwa bei. Wenzetu watasema, "Rahisi ni ghali." Ni kweli, lakini methali hiyo haimpi mtu fedha. Mwenye gari la zamani lazima abane matumizi. Swali ni abane wapi.

Mimi nasema, kwanza uliza ile ya zamani imekufa kwa nini. Shafti ile huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nayo huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Mwambie fundi aifungue mbele yako. Shafti ikiwa nyeusi au imechubuka, oili ilikuwa chafu au haikufika. Feni ya upande wa hewa ikiwa imeliwa, vumbi limepita kwenye filta au kwenye mpira uliopasuka. Feni ya upande wa moshi ikivunjika, huenda kuna kipande kimetoka ndani ya injini. Usipotibu chanzo, hata tabo mpya kabisa itakufa vilevile.

Baada ya hapo ndipo uende dukani. Njia ya nafuu ninayoipendelea ni kununua sehemu ya kati peke yake, yaani shafti, bushi na feni zake zikiwa zimeunganishwa na kupimwa mizani kiwandani, kisha ukatumia makasha yako ya zamani kama hayana nyufa. Linganisha namba iliyo kwenye kibati cha tabo yako. Kufanana kwa macho hakutoshi. Ukichagua ya mtumba, shika shafti uitikise. Kucheza kidogo kwa pembeni si kasoro, lakini feni isiguse kasha. Kuingia na kutoka kusisikike kabisa. Ukiona feni imepinda au upande wa moshi umelowa oili, mrudishie mwenyewe. Kubadili bushi na sili tu bila kupima mizani, hapo unacheza kamari.

Mahali pasipobanwa ni kwenye oili. Weka oili mpya na filta mpya, na bomba dogo linalopeleka oili kwenye tabo lisafishwe au libadilishwe. Usikubali gundi ya gasketi ipakwe kwenye mdomo wa bomba hilo, maana kipande kikibanduka huziba njia. Fundi atie oili ndani ya tabo kabla ya kuwasha. Vitu hivi ni bei ndogo kuliko tabo yenyewe.

Jambo hili si la fedha tu. Tabo mbovu huweza kumwaga oili kwenye njia ya hewa, na injini ya dizeli ikaanza kuunguza oili yake yenyewe. Hapo huvuma yenyewe, na kuzima ufunguo hakusaidii. Fikiria hilo likikukuta Kitonga, nyuma yako lori, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili korongo. Ukiwa umesimama na gari ni la gia za mkono, tia gia kubwa, kanyaga breki na uachie klachi ili injini izimike. Kwa hiyo ukiona moshi wa bluu na oili inapungua, usianze safari.

Na ukishapanda Kitonga na kufika Ilula kununua nyanya na vitunguu, usizime injini papo hapo. Iache ingurume taratibu dakika moja au mbili, oili iipoze shafti. Hilo ni bure kabisa, na maskini na tajiri wote wanalimudu.

Safari njema, na tusikilizane juma lijalo.