Jemadari Kakungulu na Wayahudi wa Nabugoye

Ukitoka mjini Mbale ukapanda kilima cha Nabugoye, utaona nyumba ya ibada isiyo na msalaba wala mwezi. Hilo ni sinagogi la Abayudaya, Wayahudi wa Uganda. Historia yao yatuhusu sisi wenye kuvaa sare, kwani mwanzilishi wao alikuwa mpiganaji.

Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda. Mwishoni mwa karne ya 19 aliongoza majeshi kuitiisha nchi ya mashariki kwa niaba ya Waingereza, akitumaini kutawazwa mfalme wa huko. Waingereza walipokwisha kupata walichokitaka, walimpunguzia madaraka hatua kwa hatua. Jasho lilikuwa lake, nchi ikawa yao.

Akiwa na uchungu huo, Kakungulu alizama katika kusoma Biblia. Mwaka 1913 alijiunga na Wamalaki, madhehebu yaliyokataa dawa za hospitali. Mwaka 1919 alishikilia kwamba amri ya tohara haijafutwa. Alipoambiwa kuwa hiyo ni desturi ya Wayahudi, alijibu kwamba basi na yeye ni Myahudi. Akatahiriwa pamoja na wanawe, akaweka makao Gangama, chini ya Mlima Elgon, na watu wakamfuata. Alifariki mwaka 1928, lakini mbegu aliyoipanda haikufa.

Mtihani mkubwa ulikuja baada ya Idi Amin kutwaa serikali mwaka 1971. Ibada yao ilipigwa marufuku na masinagogi yakafungwa. Wengi walibadili dini ili kuokoa roho zao. Wachache waliendelea kusali kwa siri. Utawala huo ulipoangushwa Aprili 1979, kati ya maelfu walikuwa wamesalia mamia machache tu.

Hao wachache walianza upya. Katika miaka ya 1980 vijana walirudi Nabugoye kujenga. Mwaka 2008 mmoja wao, Gershom Sizomu, alihitimu masomo Marekani akawa rabi. Mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mbunge, na wapiga kura wake wengi walikuwa Wakristo na Waislamu.

Ndugu askari, aliyeamuru milango ile ifungwe alivaa sare kama yetu. Ukiwa zamu Mbale siku ya Ijumaa jioni, ukasikia zaburi zikiimbwa kwa Kiluganda, ujue kwamba wanaoimba ni raia unaowalinda.