Usimtie paka wako kwenye gunia

NI jambo la kawaida katika mitaa ya Shanzu kumwona mtu akielekea steji na gunia linalorukaruka mkononi. Ndani mna paka anayepelekwa kwa daktari wa mifugo, na kwa jinsi anavyolia, abiria wengine huanza kunung'unika kabla hata gari halijafika. Wako wanaotumia pakacha lililofunikwa leso, na wako wa katoni iliyotobolewa matundu kwa kisu. Siku hizi pia wapo wanaobeba begi la mgongoni lililoshonwa mahususi kwa paka, lenye dirisha la plastiki la mviringo, paka akichungulia nje mithili ya mwanaanga.

Huenda msomaji akajiuliza, haya yana uhusiano gani na afya ya binadamu? Yana uhusiano mkubwa. Paka, sawa na mbwa, hupata kichaa cha mbwa na anaweza kumwambukiza mtu kwa kumuuma. Dalili za ugonjwa huo zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Mwaka 2014 Kenya ilianzisha mpango wa kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na ugonjwa huu ifikapo mwaka 2030, na nguzo yake kubwa ni kuchanja mbwa, ambao ndio waenezaji wakuu. Lakini paka anayelala na watoto kitandani, kisha usiku akazurura na kupigana na wenzake majaani, naye anahitaji kuchanjwa. Huanza akiwa na umri wa miezi 3, kisha chanjo hurudiwa kama atakavyoelekeza daktari.

Shida ni safari yenyewe. Mbwa hufungwa kamba akatembea. Paka aliyetiwa ndani ya gunia huona kuwa ametekwa, na akipata upenyo wa kutoa kichwa, hatofautishi mkono wa mwenyewe na mkono wa adui. Akikuuma kisha akaruka dirishani pale Bombolulu, umeingia katika hasara mbili. Kwanza umempoteza. Pili, mnyama aliyemuuma mtu hutakiwa kuchunguzwa kwa siku 10 kuona kama ana dalili za kichaa. Paka aliyetoroka kabla ya kuchanjwa hawezi kuchunguzwa, kwa hivyo itakulazimu kudungwa sindano kadhaa katika siku tofauti kana kwamba alikuwa mgonjwa. Ukipiga hesabu ya nauli na muda, gharama hiyo yaweza kupita bei ya begi zuri.

Hata bila kichaa, meno ya paka si ya kudharauliwa. Ni membamba kama sindano. Huacha kitundu kidogo ambacho hujifunga upesi na kufungia viini ndani ya nyama, na mkono unaweza kuvimba na kuuma sana kabla ya siku kwisha. Ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, bila kupaka pilipili, mafuta ya taa wala majivu, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo.

Joto ni adui

Sasa tuje kwenye begi. Yale yenye dirisha la mviringo yalivuma duniani katika miaka ya 2010, na wengi huyapenda kwa sura yake. Kwa hali ya hewa ya Pwani, mwandishi huyu hayaafiki. Plastiki ile hupitisha jua na kuzuia hewa ya moto isitoke, na matundu madogo yaliyo kandokando hayatoshi. Paka hutoa jasho kwenye nyayo tu. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39, na likipita 40 yuko hatarini. Mombasa, hasa kati ya Januari na Aprili, joto huambatana na unyevu mwingi, na gari lililokwama kabla ya daraja la Nyali hugeuka tanuri. Fikiria aliyefungiwa ndani ya plastiki humo.

Tafuta begi lenye wavu mpana angalau pande mbili, na bora zaidi tatu. Wavu uwe mgumu usioweza kuchanwa kwa kucha. Kama begi ulilokwisha nunua lina kile kidirisha na kinatolewa, kiondoe uweke kifuniko cha wavu.

Jambo la pili ni sakafu. Mabegi mengi ya bei nafuu hulegea katikati, na paka hujikuta amekunjwa kama nguo. Dukani, tia ndani pakiti mbili za unga za kilo 2 kila moja, kisha ulining'inize. Huo ndio uzito wa paka wa kawaida. Sakafu ikibonyea, liache hapo hapo. Kujua uzito wa paka wako hasa, simama kwenye mizani ukiwa umempakata, kisha upime mwenyewe na utoe. Ndani aweze kusimama, kugeuka na kujikunja alale.

Angalia pia zipu. Paka mjanja huisukuma kwa pua mpaka ikafunguka, kwa hivyo iwe na kifungo cha kuizuia. Ndani huwa na kamba fupi yenye kulabu. Kamba hiyo ifungwe kwenye mkanda unaozunguka kifua cha paka, kamwe isiwe ule wa shingoni, kwani akiruka atajinyonga. Begi liwe na milango miwili, juu na ubavuni. Lenye mlango wa juu peke yake humlazimu daktari kumvuta paka kwa nguvu, na hapo ndipo watu huumwa.

Begi la mgongoni halimfai kila paka. Mzee, mnene kupita kiasi, mwenye mimba au anayepumua kwa shida afadhali abebwe katika sanduku pana la plastiki linalofunguka juu. Na asiye na pesa za begi wala sanduku asivunjike moyo. Tenga la kuku lililofumwa vizuri, likatandikwa taulo na mdomo wake ukafungwa kwa kamba imara, hupitisha hewa kuliko begi la mwanaanga.

Mzoeze kwanza

Kosa kubwa ni kulitoa begi kabatini asubuhi ya safari. Paka akiliona mara moja kwa mwaka, na kila mara likimpeleka kwenye sindano, atajificha uvunguni. Liache wazi sebuleni majuma mawili au matatu. Tandika ndani leso kuukuu yenye harufu yako, umwekee dagaa wachache. Akianza kulala humo kwa hiari, funga zipu kwa dakika moja umfungulie. Kisha libebe ndani ya nyumba, halafu uani, halafu hadi dukani na kurudi. Paka anayeogopa kila hatua usimharakishe.

Siku ya safari, asile kwa saa tatu au nne kabla ya kuondoka ili asitapike, ila maji anywe. Toka mapema jua halijawa kali. Usimpe Panadol wala dawa nyingine ya binadamu ili atulie. Dawa iliyo ndani ya Panadol huua paka, hata kwa kiasi kidogo. Kama hatulii kabisa, mweleze daktari kabla ya siku hiyo.

Ndani ya matatu, begi usilivae mgongoni wala kuliweka sakafuni. Lipakate, wavu ukielekea dirishani. Viti vya mbele kabisa katika zile Nissan na Hiace huwa juu ya injini na hupata moto, hivyo viepuke. Kutoka Shanzu kwenda mjini asubuhi, jua huwa upande wa kushoto. Ukirudi alasiri, huwa kushoto tena. Kaa basi upande wa dereva. Kwa wanaoweza, tuktuk ni afadhali kwa kuwa ina upepo. Bodaboda tusiizungumzie sana: kishindo, honi na hatari ya kuanguka havimfai paka aliye mgongoni mwa abiria.

Mchungulie kila baada ya dakika chache. Paka anayehema mdomo wazi kama mbwa, akitokwa na mate, amezidiwa na joto. Shuka, mpeleke kivulini, mloweshe nyayo, tumbo na kwapa kwa maji ya kawaida yasiyo barafu, umpepee, kisha umkimbize kwa daktari. Usisubiri aone nafuu mwenyewe.

Kwenye kliniki weka begi juu ya kiti mbali na mbwa, ulifunike kwa leso nyepesi, na usilifungue mpaka mlango wa chumba cha daktari ufungwe. Daktari akishamchanja, dai cheti na ukihifadhi.

Mkirudi, akiwa alijisaidia ndani ya begi, lioshwe siku hiyo hiyo. Kinyesi cha paka chaweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni, navyo huhitaji siku 1 hadi 5 kabla ya kuwa na uwezo wa kuambukiza. Mama mjamzito asiliguse. Mwingine avae glavu. Tumia sabuni na maji ya moto, uanike juani. Epuka zile dawa za kuua viini zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini, kwani nyingi ni sumu kwa paka anayejilamba.

Ukiwa na paka wengine nyumbani, usishangae wakimfokea mwenzao. Wanasikia harufu ya kliniki. Mtenge chumbani kwa saa kadhaa mpaka ajilambe, kisha uliache begi wazi pale pale sebuleni.