Herufi za Mlazo na Kadi za Arusi

Katika Mkoa wa Tanga zipo kata mbili ziitwazo Kwamsisi: moja ni ya Wilaya ya Handeni, na ya pili imo katika mji wa Korogwe. Basi kadi ya arusi ikitaja Kwamsisi tu, yaweza kumpeleka mgeni mbali na walima. Na hata ikibainisha, sharti maneno yale yasomeke, maana kadi haisomwi na vijana peke yao. Husomwa pia na bibi ambaye macho yake yamepungua nuru.

Siku hizi kadi nyingi, na vyeti vya madrasa pia, hupigwa chapa kwa herufi za mlazo, zilizoinama kuelekea kulia kama mwandiko wa mkono. Asili yake ni makarani wa Italia. Francesco Griffo alizichonga kwa ajili ya Aldus Manutius, mpiga chapa wa Venice, na mwaka 1501 kikatoka kitabu kizima kwa herufi hizo. Lakini zilizoinama zilikuwa herufi ndogo tu. Kubwa zilisimama wima. Mwaka 1522 Ludovico degli Arrighi akatunga kitabu cha kufundisha mwandiko huo. Kwake ndiko Patricia Saunders alikochukua mfano wa Monotype Corsiva ya mwaka 1991, iliyoenea sana katika kompyuta.

Uzuri wake hatuukatai. Jina la bibi arusi likiandikwa hivyo, kwa ukubwa wa kutosha na nafasi pembeni, hupendeza mno. Taabu huanza kadi nzima inapoandikwa hivyo. Tazameni neno *muumini*: ni vijiti vilivyosongamana, na jicho hutegemea nukta za *i* kuyatenga. Vibaya zaidi ni kuandika KWAMSISI kwa herufi kubwa tupu za mlazo, kila moja na mkia wake. Hiyo si nakshi tena, ni kichaka.

Waandishi wa hati za Kiarabu walilijua jambo hili zamani. Hati ya Thuluthi, yenye madaha, waliipenda kwa vichwa vya habari na maandishi ya misikitini. Naskhi, iliyo nyepesi kusomeka, wakaitumia kwa maneno marefu ya vitabu. Nasi twaona yafaa kufanya vivyo hivyo: majina ya maarusi kwa mlazo, siku, saa, kijiji na wilaya kwa herufi zilizosimama. Kwenye cheti, jina la mwanafunzi lipambwe, lakini jina la madrasa na tarehe visimame wima.

Mtakapokwenda kwa mpiga chapa, ombeni karatasi moja ya kujaribia, mkampe mzee aisome bila ya kusaidiwa. Corsiva ya pointi 12 huonekana ndogo kuliko herufi nyingine za kipimo kile kile. Na kadi ikitolewa nakala kwa mashine, kisha nakala ya nakala, mistari yake myembamba ndiyo itanguliayo kufutika.