Vidonge Vinane vya Asubuhi

Kidonge cha prednisolone cha miligramu 5 ni kidogo kuliko punje ya mahindi. Katika farmasi nyingi za mitaani nchini Kongo kinahesabiwa mkononi bila karatasi ya munganga, na wapo wanaokinunua ili wanenepe tu. Kidonge hicho hicho humtuliza mtu ambaye ugonjwa wake wa Crohn umechachamaa, na baada ya siku chache anaomba bukari mwenyewe. Jirani yake mwenye tumbo linalouma vilevile anaweza kukimeza kikampeleka kaburini. Kwa hiyo, kabla ya kuzungumzia dawa, tuwatofautishe hao wawili.

Katika ugonjwa wa Crohn, kinga ya mwili huugeukia utumbo. Ugonjwa huu unaweza kushika popote, kuanzia mdomoni hadi kwenye njia ya haja kubwa, lakini makao yake makuu ni pale utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana, chini ya tumbo upande wa kulia. Hushika kipande, ukaruka kingine, ukashika cha tatu. Tena haukwaruzi juu juu: huingia unene wote wa ukuta, ndiyo maana utumbo hufika mahali ukawa mwembamba kama mrija, au ukatoboka na kuota nasuri. Huweza kulala miezi mingi kisha ukaamka. Mgonjwa anaharisha kwa majuma, tumbo linamsokota baada ya kula, homa inakuja jioni, mshipi unaongezewa tundu. Wengine huumwa magoti na vifundo, au hutokwa na jipu karibu na haja kubwa na kutibiwa bawasiri mwaka mzima.

Hapa kwetu Kalemie, mtu akiharisha, wa kwanza kushukiwa ni kipindupindu, na mji una haki ya kukishuku, maana kimeweka kambi kwenye fukwe hizi za Ziwa Tanganyika kwa miaka mingi. Lakini kipindupindu huangusha mtu kwa saa chache, kwa choo kama maji ya kuoshea mchele. Kuharisha kunakopita majuma manne, kunakomwamsha mtu usiku na kumkondesha, ni habari nyingine. Hapo kuna amiba, kuna bilharzia ya utumbo, kuna virusi vya UKIMWI. Na kuna anayefanana na Crohn kama pacha: kifua kikuu cha utumbo.

Ufanano huo ni wa tangu mwanzo. Mwaka 1913 mpasuaji wa Glasgow, Thomas Kennedy Dalziel, alieleza wagonjwa ambao utumbo wao ulikuwa umenenepa na kukakamaa. Aliufananisha na mkunga aliyekufa, yule samaki mrefu kama nyoka. Kwa macho ulikuwa kifua kikuu kitupu, ila vijidudu vyake havikuonekana. Ilipofika 1932, Burrill Crohn na wenzake Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer wa hospitali ya Mount Sinai, New York, waliandika juu ya ugonjwa uleule, na jina la Crohn likabaki.

Magonjwa yote mawili hupenda kona ileile ya tumbo, hukondesha, huleta homa. Prednisolone hulaza kinga ya mwili: kwa Crohn ndiyo nafuu yenyewe, kwa kifua kikuu ni kumfungulia mwizi mlango. Tena mgonjwa wa kifua kikuu anaweza kujisikia vizuri majuma mawili ya kwanza, uso ukajaa, familia ikashangilia. Amiba nao huweza kutoboa utumbo mpana wa mtu anayemeza kidonge hiki. Na yuko mnyoo mdogo aitwaye strongiloidi, anayeingia kupitia nyayo za mtembea peku. Kinga ikilala, huzaana hadi kusambaa mwilini. Kwa hiyo kabla ya kidonge cha kwanza nataka choo kipimwe, kipimo cha UKIMWI kifanyike, kifua kipigwe picha, makohozi yakiwepo yapimwe, na pakiwa na shaka ya mnyoo huyo mgonjwa apewe ivermectin kwanza.

Ekografi inasaidia kuliko watu wanavyodhani. Ukuta wa utumbo wenye afya hauzidi milimita 3 hivi; mpimaji mwenye subira huuona ukinenepa. Lakini haimtaji mkosaji kwa jina. Kolonoskopi, yaani kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa na kuchuna vipande vya nyama vya kupimwa, ndiyo inayokaribia jina, na kwa mtu wa Kalemie mara nyingi hiyo ni safari. Hata hivyo nyama yenyewe huweza kunyamaza. Shaka ikibaki, madaktari wengi huanza dawa za kifua kikuu na kuangalia tena baada ya miezi miwili au mitatu. Waangalie vidonda, si maneno ya mgonjwa peke yake, kwa sababu mwenye Crohn pia huweza kusema amepata nafuu kidogo.

Tuseme sasa jina limejulikana: ni Crohn. Dozi ya kawaida ya kuanzia kwa mtu mzima ni miligramu 40, yaani vidonge vinane, asubuhi, baada ya kula. Kila juma kinapunguzwa kimoja. Juma la kwanza vinane, la pili saba, hadi kimoja: jumla ni vidonge 252. Vihesabu kabla ya kurudi kijijini, kwa sababu mwili uliozoea dawa hii kwa majuma huacha kujitengenezea homoni yake, na ukiikata ghafla unaweza kuzirai. Dawa hii pia hula mifupa. Hapo ziwa letu lina neema: ndagala huliwa mzima na mifupa yake, na chokaa imo humo.

Prednisolone haizuii ugonjwa kuamka tena. Anayeishi nayo mwaka mzima ametibiwa vibaya, hata kama amenenepa. Ya kulinda ni kama azathioprine, inayohitaji miezi miwili hadi mitatu kushika kazi, ndiyo maana huanzishwa wakati vidonge vinane vingalipo. Nayo inadai damu ipimwe mara kwa mara. Methotrexate ni njia nyingine, ila si kwa mama anayetaka mimba. Infliximab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, ina nguvu zaidi: hutiwa kwa mshipa, kisha juma la pili, la sita, halafu kila baada ya majuma manane. Hutaka friji ya nyuzi 2 hadi 8, na umeme wa bwawa la Bendera ukikatika friji haisubiri. Isitoshe, ndiyo dawa inayoamsha kifua kikuu kilicholala.

Wakati ugonjwa umeamka, weka kando sombe yenye nyuzi, karanga na mahindi ya kuchoma, hasa kama utumbo umebana; uji wa mchele, ndizi na samaki asiye na miiba vinapita. Sigara iachwe. Kwa maumivu meza parasetamoli, si ibuprofeni wala diklofenaki, zinazoweza kuuchokoza utumbo. Tumbo likijaa, ukatapika na hewa isitoke, au homa ikaja na tumbo gumu, nenda hospitali kuu siku hiyohiyo, usingoje asubuhi.

Kuhusu kisu, watu wanakiogopa kuliko kinavyostahili. Utafiti uitwao LIR!C, wa Uholanzi na Uingereza, uliwagawa wagonjwa 143 ambao dawa za kawaida zilishindwa: wengine walikatwa kipande kilichougua, wengine walipewa infliximab. Matokeo ya 2017 yalionyesha kwamba baada ya mwaka hali za maisha yao zilikaribiana. Walipofuatiliwa kwa takriban miaka mitano, karibu nusu ya wale wa infliximab walikuwa wameishia kukatwa, na kati ya waliokatwa mwanzoni hakuna aliyehitaji kukatwa mara ya pili. Ugonjwa hauondoki kabisa kwa kisu. Huweza kurudi penye mshono. Na wale walikuwa na kipande kifupi, chini ya sentimita 40, kisichobana. Kwa hiyo kabla familia haijauza mtumbwi kununua dawa ya friji, muulizeni munganga: kipande chetu kina sentimita ngapi?