Bukari, Muhogo na Hesabu ya Kujifunza

Kujifunza kukiandikwa kwa hesabu huwa na mambo matatu: makadirio, kilichotokea, na kosa, yaani tofauti kati ya hayo mawili. Msichana wa Hewa Bora, Lubumbashi, aliyeachiwa jiko kwa mara ya kwanza anayaonyesha yote kwa mwiko mmoja. Anasonga bukari ya watu sita. Amekadiria makopo manne ya unga, lakini maji aliyobandika yanataka manane, na mama yake analazimika kuongeza manne mengine ili uji ule ushikane. Kesho hatarudia manne. Wala hatakimbilia manane, kwa maana huenda unga wa leo ndio ulikuwa mwepesi. Ikiwa kila siku anasahihisha nusu ya kosa, siku ya pili atatia makopo sita, ya tatu saba, ya nne saba na nusu. Hatua ni kubwa mwanzoni, kisha zinafupika kadiri anavyokaribia.

Hiyo nusu ndiyo kasi ya kujifunza. Ikiwa ndogo mno, nyumba itakunywa uji mwezi mzima. Ikiwa 1 kamili, mpishi anayumbishwa na kila gunia jipya. Ikizidi 2, kosa linakua siku hadi siku badala ya kupungua, jambo ambalo kwa bahati nzuri huwapata wahandisi zaidi kuliko wapishi.

Mwanasaikolojia Robert Bush na mwanatakwimu Frederick Mosteller, wote wa Marekani, walichapisha kanuni ya namna hii mwaka 1951. Robert Rescorla na Allan Wagner waliitengeneza upya mwaka 1972 ili kueleza jinsi mnyama anavyojifunza kwamba ishara fulani, kwa mfano mlio, hufuatwa na chakula. Lakini kabla ya Rescorla na Wagner, mwaka 1960, wahandisi wa umeme Bernard Widrow na Ted Hoff wa Stanford walikuwa wameshaitia kanuni inayofanana nayo ndani ya mashine. Mwaka 1997 Wolfram Schultz, Peter Dayan na Read Montague walionyesha kwamba seli za dopamini katika ubongo wa nyani hazipigi kelele kwa sababu ya zawadi yenyewe: hupiga zawadi inapozidi matarajio, na hunyamaza zawadi iliyotarajiwa inapokosekana.

Msichana ana namba moja ya kurekebisha. Mtandao wa neva bandia ndani ya kompyuta una mamilioni, na zote husogezwa kidogo kidogo kila mashine inapokosea. Mwaka 2017 Amanda Ramcharan na wenzake waliufundisha mtandao kama huo kutambua magonjwa ya muhogo kwa kutumia picha zipatazo 2,700 zilizopigwa Bagamoyo, Tanzania. Picha hizo zilitosha kwa sababu mtandao ulikuwa umeshazoezwa kwa picha nyingi za vitu vingine. Ulipatia mara 93 katika 100. Miaka miwili baadaye, mfumo wa namna hiyo ulipojaribiwa kwenye simu, ulionekana kulegea sana mbele ya majani yenye dalili changa. Kosa humsahihisha mwanafunzi kwa kile tu alichoonyeshwa.

Kupima ujuzi wa mtu ni kugumu zaidi, kwa sababu kilicho kichwani hakionekani. Yanayoonekana ni majibu. Albert Corbett na John Anderson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walilishughulikia tatizo hilo katika miaka ya 1990 kwa namba nne: uwezekano kwamba mtoto alikuwa anajua tangu mwanzo, kwamba amejifunza sasa hivi, kwamba amebahatisha, na kwamba anajua ila ameteleza. Chukua mtoto anayedhaniwa kujua herufi kwa asilimia 30, anayechagua jibu kati ya manne (bahati 25), anayeteleza mara 10 katika 100 na kujifunza kwa asilimia 10 kila zoezi. Akipatia mara moja, dhana inapanda hadi 65. Mara ya pili, 88. Mara ya tatu, 97, na programu inampeleka somo linalofuata.

Chuo hichohicho kilitoa RoboTutor, moja ya programu tano zilizofika fainali ya shindano la Global Learning XPRIZE. Katika majaribio ya shindano hilo, kuanzia mwishoni mwa 2017, watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 mkoani Tanga walipewa kompyuta za mkononi zilizosema nao Kiswahili kwa miezi 15. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma neno hata moja walipoanza. Mwishoni idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 programu mbili kati ya hizo tano, onebillion na Kitkit School, ziligawana zawadi kuu ya dola milioni 10.

Programu zote tano ziliachwa wazi, na fundi wa Lubumbashi anaweza kuzichukua bila malipo. Lakini hesabu za programu hizo zilipimwa Tanga. Mtoto wa Hewa Bora akionyeshwa picha ya ugali na kuambiwa aguse herufi ya kwanza ya jina la chakula hicho, atagusa B, kwa kuwa kwao ni bukari. Na akionyeshwa kisamvu atagusa S, ya sombe. Amepatia mara mbili, na mashine imemhesabia makosa mawili. Kabla ya programu hizo kuvuka Ziwa Tanganyika, picha zake zipitiwe kwanza na mwalimu wa Lubumbashi.