Keria ya pikapu: kabla ya kupaka rangi, fanya haya

Je, unabeba mbao au magodoro kwa pikapu hapa Luzira? Unaweza kujitengenezea keria ya chuma. Lakini unyevu wa Ziwa Victoria na mvua za Kampala huleta kutu, hasa kwenye viungo. Kiungo kikikatika barabarani, mzigo unaweza kumwangukia mtu wa bodaboda aliye nyuma yako. Kwa hiyo:

1. Pima bodi, kisha chomelea fremu ikiwa chini, mbali na gari. Cheche zinaweza kuwasha mafuta.

2. Moshi wa bomba lenye zinki ni sumu. Kwangua zinki kwanza, fanyia kazi nje na usisimame upepo unakoelekea.

3. Gonga kila kiungo kwa nyundo hadi magamba yatoke. Ukiona ufa au tundu, chomelea upya.

4. Toboa matundu ya bolti, na tundu dogo la kutolea maji chini ya kila nguzo. Ziba ncha za juu.

5. Sugua kwa brashi ya waya na msasa, futa kwa thina, kisha paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, mara mbili. Ikikauka, paka rangi ya juu. Usisahau ndani ya matundu.

6. Funga kwa bolti, ukiweka kipande cha bati nene chini ya bodi. Baada ya siku chache za safari, zikaze tena.

Keria ni ya mizigo. Usipandishe watu juu yake.