Upatanifu wa Data katika Faili Tenganifu za Kamusi

1.0 Tatizo

Watungaji wa kamusi wanaotumia kompyuta aghalabu hugawa data zao katika faili mbalimbali: moja huwa na vidahizo na fasili, nyingine mifano ya matumizi. Mgawanyo huo huwawezesha watu kadhaa kufanya kazi kwa pamoja, lakini huzua swali: ni nini kinachohakikisha kuwa mfano unaendelea kuambatana na kidahizo chake?

Neno paa laonyesha uzito wa swali hilo. Lina homonimu kadhaa, zikiwemo sehemu ya juu ya nyumba, mnyama wa jamii ya swala, na kitenzi cha kuruka angani. Kwa desturi, homonimu hutofautishwa kwa tarakimu: paa1, paa2, paa3. Iwapo faili ya mifano hurejelea tarakimu hizo, kisha mhariri akabadili mpangilio wa vidahizo, sentensi ihusuyo mnyama itaangukia chini ya nyumba. Kompyuta haitatoa onyo lolote, kwa kuwa paa1 bado ipo. Kosa hili ni baya kuliko la mfano uliobaki yatima baada ya kidahizo chake kufutwa. Yatima huweza kutafutwa na kuorodheshwa.

2.0 Ufumbuzi

Mwaka 1970, E. F. Codd, mtafiti wa IBM, alipendekeza muundo ambamo data huhusishwa kwa thamani zilizomo, si kwa mahali zilipohifadhiwa. Katika muundo huo huwekwa sharti kwamba kila rejeo lielekee kwenye kitu kilichopo. Hata hivyo, sharti hilo huweza kukomea ndani ya faili moja. Programu ya SQLite, kwa mfano, hufungua faili kadhaa pamoja, lakini haisimamii sharti hilo baina ya faili na faili. Jukumu huwarudia watungaji.

Kwanza, kila kidahizo kipewe namba ya kudumu, isiyotumika tena hata kidahizo kikifutwa. Tarakimu ya homonimu iwe ya kuchapishwa tu. Pili, kila taarifa, kama vile ngeli, iandikwe mahali pamoja. Tatu, badiliko linaloathiri faili mbili likamilike lote au libatilishwe lote. Nne, yatima wakaguliwe kabla ya kuchapa.

3.0 Hitimisho

Taratibu hizi hulinda uhusiano uliokwisha kuwekwa. Hazithibitishi kuwa uliwekwa sawasawa. Mfano uliopachikwa penye paa isiyo yake tangu mwanzo hugunduliwa na msomaji tu.